Ukigawiwa Kiwanja Badala ya Fedha

Chukua kiwanja kimoja kilichopo Houston, Texas. Kilinunuliwa kwa dola 90,000, na leo sokoni kinafika dola 240,000. Hakina deni. Kwenye hati, mwenye kiwanja si mtu bali ni kampuni, na wenye kampuni wamekubaliana kwamba mmoja wao akichukue kiwe chake. Hati inabadilishwa jina. Hakuna aliyeuza, hakuna aliyelipa hata senti. Je, kodi ipo?

Kama kampuni hiyo mbele ya kodi ni korporesheni, kodi ipo, na ni ya siku hiyohiyo. Kifungu cha 311(b) cha sheria ya kodi ya Marekani kinaihesabu korporesheni kama imekiuza kiwanja kwa bei ya soko, kwa hiyo zile dola 150,000 zilizopanda zinakuwa faida ingawa mnunuzi hayupo. Korporesheni ya kawaida hulipa yenyewe, kisha mwenye hisa naye hutozwa kwa alichopokea. Korporesheni ya aina ya S kwa kawaida hailipi yenyewe, lakini faida hiyo humwagwa kwa wenye hisa wote kulingana na hisa zao, hata wale ambao kiwanja hawakukiona.

Kama kampuni ni ubia, hakuna kodi siku hiyo. Ubia haulipi, anayechukua halipi, wanaobaki hawalipi.

Tofauti hiyo haikuwa kubwa hivi zamani. Mwaka 1935, katika kesi ya General Utilities, Mahakama Kuu ya Marekani iliziachia korporesheni nazo zigawe mali iliyopanda thamani bila kuhesabiwa faida. Bunge likaanza kuubana mlango huo kidogo kidogo, na mwaka 1986, katika mageuzi makubwa ya kodi ya enzi ya Reagan, likaufunga. Mlango wa ubia, ambao masharti yake yaliandikwa kwa pamoja katika sheria ya mwaka 1954, ukaachwa wazi, ingawa umewekewa walinzi wengi, na tutakutana nao.

Nimeanza na korporesheni kwa sababu ya ushauri mmoja unaosambaa sana miongoni mwa Waswahili wa Marekani. Watu wawili au watatu wakifungua LLC na wasijaze fomu ya kuchagua vinginevyo, serikali kuu huwatoza kama ubia. Kisha anatokea mtu kwenye kikao cha chama, au mtayarishaji wa kodi wa msimu, na kuwaambia waigeuze iwe S ili wapunguze kodi ya kujiajiri. Kwa biashara ya kusafirisha mizigo au ya kuhudumia wazee, ushauri huo unaweza kuwa na maana. Kwa kampuni inayomiliki ardhi na nyumba, naona ni ushauri mbaya, na ubaya wake hauonekani siku ya kuingia. Huonekana miaka kumi baadaye, siku wanapotaka kugawana.

Sasa turudi kwenye ubia, maana kutotozwa leo si kusamehewa. Hesabu yote ya sura hii imekaa juu ya namba moja ambayo nitaiita msingi. Msingi ni ile sehemu ya thamani ya mali yako ambayo kodi imeshaipitia na haina haki ya kuigusa tena. Ukinunua kiwanja kwa dola 90,000 kutoka kwenye akiba yako, msingi wake ni 90,000, na siku ukikiuza kinachotozwa ni kile kilichozidi hapo. Katika ubia kuna misingi ya aina mbili. Ubia una msingi wake katika kila mali iliyomo ndani. Na kila mbia ana msingi katika fungu lake: unapanda anapochangia na anapotozwa kwa faida hata kama hakuichukua, unashuka anapopewa hasara za kikodi na anapotoa kitu.

Tuseme wabia ni watatu: muuguzi, dereva wa lori na fundi umeme. Kila mmoja aliweka dola 100,000, na ubia ukanunua kile kiwanja pamoja na mali nyingine. Msingi wa fungu la muuguzi bado ni 100,000. Ubia ukimpa kiwanja naye akaendelea kuwa mbia, anakichukua pamoja na msingi wake wa 90,000 ule ule uliokuwa ndani ya ubia, na fungu lake linabaki na msingi wa 10,000. Akikiuza mwaka ujao kwa 240,000, faida ni 150,000, yote yake. Ni kama daftari la mkopo dukani kwa Mangi: hujalipa, lakini umeandikwa.

Kama kiwanja ndicho malipo ya kumtoa kabisa, hesabu inageuka. Anayeondoka haendi na msingi wa mali. Anaondoka na msingi wa fungu lake, ambao unahamia wote kwenye mali aliyopewa. Kiwanja kitakuwa na msingi wa 100,000, na akikiuza faida ni 140,000.

Lakini akipewa fedha taslimu 240,000 badala ya kiwanja, kodi haingoji. Fedha hula msingi kwanza, na kinachozidi msingi ni faida ya siku hiyo: 140,000. Kwa kiwango cha asilimia 15 ambacho watu wengi wa kipato cha kati hutozwa kwa faida ya mtaji ya muda mrefu, hiyo ni dola 21,000 kwa serikali kuu. Texas yenyewe haina kodi ya mapato ya mtu binafsi. Hati miliki ya 240,000 na hundi ya 240,000 zinatofautiana kwa 21,000 kwa sababu tu ya kilichoandikwa juu ya karatasi, na tofauti hii ndiyo inayowafanya mawakili wa kodi walipwe vizuri. Sheria ina mantiki yake. Mwenye fedha mkononi ana uwezo wa kulipa, na fedha haiwezi kubeba faida iliyojificha, kwa kuwa dola moja haiwezi kuwa na msingi wa senti 60. Kiwanja kinaweza. Hisa na hatifungani zinazouzwa sokoni nazo zimehesabiwa kama fedha tangu mwaka 1994, baada ya matajiri kugundua kwamba wanaweza kutoka ubiani na mfuko wa hisa na wasitozwe.

Kuna namba moja hapa ambayo inaweza kupotea hewani. Tuseme muuguzi alikuwa ametoa fedha mara kadhaa na msingi wa fungu lake umeshuka hadi 60,000. Akipewa kiwanja chenye msingi wa 90,000 huku akiendelea kuwa mbia, hawezi kubeba zaidi ya 60,000 alizonazo. Dola 30,000 za msingi, ambazo kodi ilishazipitia, zinafutika. Hazirudi kwake. Zinaweza kuokolewa na wenzake: ubia ukiwa umefanya uchaguzi wa kifungu cha 754, 30,000 hizo zinaongezwa kwenye mali nyingine iliyobaki. Uchaguzi wenyewe ni karatasi fupi inayoambatanishwa na ritani ya ubia ya mwaka husika. Ukishafanywa unadumu miaka yote inayofuata, hauondolewi bila ruhusa, na unafanya kazi pande zote mbili, kupandisha na kushusha. Wahasibu wengi wa biashara ndogo huukwepa kwa sababu unawaongezea kazi ya kutunza hesabu. Mteja asipouliza, hatasikia habari zake.

Jaji Arnold Raum wa Mahakama ya Kodi, akiamua kesi ya Foxman mwaka 1964, alilalamika waziwazi kwamba masharti haya ni mazito na yanachanganya kupita kiasi, naye kazi yake ilikuwa kuyasoma. Tangu siku zake yameongezeka.

Kwa wabia wa kawaida, hatari kubwa kuliko zote iko kwenye deni. Ubia unapokopa benki, kila mbia huhesabiwa kama amechangia fedha sawa na sehemu yake ya deni hilo, na msingi wa fungu lake unapanda. Hapo watu hufurahi, kwa kuwa msingi huo wa mkopo unawaruhusu kutumia hasara za kikodi za jengo, hasa uchakavu, ambao kwa nyumba za makazi hukatwa kwa miaka 27 na nusu. Kinyume chake ni kweli vilevile, na hapo ndipo watu huumia: sehemu yako ya deni ikipungua, unahesabiwa kuwa umepewa fedha taslimu.

Dereva wetu, katika ubia mwingine, aliweka dola 50,000. Ubia ukakopa 300,000 kununua jengo la vyumba vya kupangisha, sehemu yake ya deni ikawa 100,000, na msingi wa fungu lake ukafika 150,000. Miaka ikapita. Uchakavu na fedha alizokuwa akichota zikaushusha msingi hadi 40,000. Biashara ikachosha, wabia wakagombana, na wenzake wakamwambia, “Kaka, toka tu salama, deni tutabaki nalo sisi.” Akaona ni wema. Akatia sahihi, akaondoka bila senti.

Sheria inasema amepewa dola 100,000, kwa kuwa deni la 100,000 limeondoka mabegani mwake. Msingi wake ni 40,000. Faida ni 60,000, na ni ya mwaka huo. Dereva ataona ameonewa, lakini hesabu haimwonei: kwa miaka yote alikata kwenye ritani yake hasara, na alichota fedha, ambazo nyingi zilitokana na mkopo wa benki na si mfukoni mwake. Kodi ilimkopesha, na siku ya kutoka ikadai. Lawama yangu ni kwa aliyemtayarishia ritani kila mwaka na hakumwambia kwamba akaunti yake ya mtaji, ambayo hapa ni msingi wake ukitoa sehemu yake ya deni, imeingia chini ya sifuri. Namba hiyo ya hasi inaonekana kwenye fomu ya K-1 ambayo mbia hupewa kila mwaka, na akaunti ya mtaji ya −60,000 ndiyo hasa faida inayomngoja mlangoni.

Wakubwa nao wameijua kanuni ya deni kwa muda mrefu, na wao huitumia kuingilia si kutokea. Katika kesi ya Otey, iliyoamuliwa mwaka 1978, mtu mmoja wa Denver aliyerithi kiwanja kutoka kwa mjomba wake alikiingiza kwenye ubia na kampuni ya ujenzi. Kiwanja kilithaminiwa dola 65,000. Ubia ukakopa, na kutoka kwenye mkopo huo akapewa dola 64,750. Macho ya mtu yeyote mtaani yangeona amekiuza kiwanja. Mahakama ya Kodi ikakubali kwamba ni mgawo wa ubia, na kwa kuwa sehemu yake ya deni ilikuwa imepandisha msingi wake, hakutozwa.

Bunge lilijibu mwaka 1984 kwa kanuni ya mauzo yaliyofichwa: ukiingiza mali na ukatoa fedha, na yote mawili kwa jumla yakafanana na kuuza, ni kuuza. Kanuni za Hazina zilizofuata zikaweka dhana ya miaka miwili. Fedha ikikufikia ndani ya miaka miwili tangu uingize mali, wewe ndiye utakayethibitisha kwamba si mauzo. Lakini ukaachwa mwanya mmoja: fedha inayotoka kwenye mkopo ambao wewe mwenyewe unaubeba haihesabiwi kuwa bei, kwa sababu mtu akikopa kwa dhamana ya mali yake hajaiuza.

Mwanya huo ndio uliotumiwa na kampuni ya Chesapeake ya Richmond, Virginia. Ilikuwa na kampuni tanzu ya karatasi laini huko Wisconsin, yenye thamani kubwa na msingi mdogo, na Georgia-Pacific walikuwa wanaitaka. Kuuza moja kwa moja kungeleta kodi nzito. Oktoba 1999 wakaunda ubia. Kampuni tanzu ikaingiza mali ya thamani ya dola milioni 775, ubia ukakopa milioni 755.2 kutoka Bank of America, na siku hiyohiyo milioni 755.2 zikahamishiwa upande wa Chesapeake. Kampuni tanzu ikabaki na asilimia 5 ya ubia. Ili mkopo uonekane ni wake, ikatoa ahadi ya kufidia deni likishindikana kulipwa. Maoni ya washauri kwamba mpango huu ni salama yaligharimu dola 800,000.

Mahakama ya Kodi iliposikiliza, iliuliza swali moja ambalo hata mkopeshaji wa mtaani angeuliza: huyu aliyeahidi, ana nini? Rasilimali halisi za kampuni tanzu zilifika kama asilimia 21 tu ya deni ililoahidi, na nyingi zilikuwa hati ya deni la kampuni mama yenyewe, ambayo ingeweza kufutwa wakati wowote. Hapakuwa na sharti lolote la kuilazimisha ibaki na mtaji. Uamuzi wa mwaka 2010 ulisema ahadi hiyo ni ganda tupu, kwa hiyo fedha ile ilikuwa bei. Faida ya zaidi ya dola milioni 520 ikahesabiwa kwa mwaka 1999, na juu yake adhabu ya zaidi ya milioni 36, kwa sababu jaji aliona si busara kuegemea maoni ya washauri waliosaidia kuuunda mpango wenyewe.

Mwaka 2009 kampuni ya Tribune ilitumia njia ya namna hiyo kuiachia familia ya Ricketts timu ya besiboli ya Chicago Cubs, ambayo iliinunua mwaka 1981. Tribune ikabaki na asilimia 5 na kuchukua karibu dola milioni 705. Kesi ilivutana hadi 2021, na wakati huo timu ilikuwa imeshatwaa ubingwa wa 2016, wa kwanza tangu 1908. Mahakama ikaigawa hoja: mkopo mkuu wa mabenki ulikuwa deni la kweli na dhamana ya Tribune ikakubaliwa, lakini mkopo mdogo uliotoka upande wa wanunuzi ulionekana ni mtaji uliovalishwa nguo za deni. Kuanzia 2016 Hazina imebana zaidi aina za dhamana zinazohesabika.

Walinzi wengine wa mlango nitawapita haraka. Ukiingiza ubiani kiwanja kilichokwisha kupanda thamani, na ndani ya miaka saba ubia ukampa mbia mwingine kiwanja hicho, wewe uliyekiingiza unatozwa kwa thamani iliyokuwa imepanda siku ya kuingiza. Ukipewa wewe mali nyingine ndani ya miaka hiyo saba, unaweza kutozwa vilevile. Bila hivyo watu wangekuwa wanabadilishana mali kupitia ubia. Awali muda ulikuwa miaka mitano, ukaongezwa 1997. Pia kuna bidhaa za kuuza na fedha za kazi ambazo wateja hawajalipa. Hizo haziruhusiwi kubadilika kuwa faida ya mtaji kwa kupitia mgawo. Fundi umeme akigawiwa bidhaa za ghalani na kuziuza ndani ya miaka mitano, faida ni mapato ya kawaida, na kwa madai ya wateja hakuna ukomo wa miaka. Wabia wakigawana kwa uwiano usio sawa, mmoja akachukua vitu vya namna hiyo na mwingine akachukua ardhi, sheria huwahesabu kama wameuziana. Mtu akifika hapo, aache kusoma vitabu kama hiki na aende kwa mhasibu anayeijua kazi ya ubia hasa, maana si wote wanaijua.

Kwa miaka mingi serikali ilikosa njia rahisi ya kujua nani alipewa mali gani na akaipa msingi gani. Kwa miaka ya kodi inayoanzia 2024, mbia aliyegawiwa mali isiyo fedha anajaza mwenyewe fomu 7217 na kuonyesha hesabu ya msingi wa kila kitu alichopokea. Ubaya ni kwamba msingi wa fungu hauandikwi kwenye K-1. Kuutunza ni kazi ya mbia, tangu mwaka wa kwanza. Aliyetupa karatasi zake alipohama kutoka Minneapolis kwenda Dallas atalazimika kuujenga upya, na asipoweza kuuthibitisha, huenda mkaguzi akauhesabu kuwa ni sifuri.

Limebaki swali la mwisho: deni hili lililoandikwa lakini halijalipwa, huishia wapi? Tuseme muuguzi hakuchukua kiwanja wala fedha. Amebaki mbia hadi amefariki, na fungu lake siku hiyo lina thamani ya dola 240,000. Mwanawe analirithi. Kifungu cha 1014 kinampa mrithi msingi mpya, sawa na thamani ya siku ya kifo, kwa hiyo msingi wa fungu unaruka kutoka 100,000 hadi 240,000. Ndani ya ubia lakini, kiwanja bado kina msingi wa 90,000. Ubia ukikiuza kesho, mwanawe atapewa sehemu ya faida ambayo mirathi ilishaifuta, isipokuwa kama ule uchaguzi wa 754 ulifanywa. Ukisahaulika, mara nyingi unaweza kuokolewa ukiwasilishwa ndani ya miezi 12 baada ya muda kupita.

Kama hata miezi hiyo imepita, ile kanuni ya kuondoka bado ipo. Wabia wawili waliobaki wanaweza kumpa kijana kile kiwanja kama malipo ya fungu lake lote. Anayeondoka hubeba msingi wa fungu, si wa mali, kwa hiyo kiwanja kinaingia mikononi mwake na msingi wa 240,000. Ongezeko hilo la 150,000 liko chini ya dola 250,000, kiwango ambacho kikipitwa ubia hulazimika kushusha msingi wa mali iliyobaki hata bila uchaguzi, hivyo wabia waliobaki nao hawaguswi. Kijana akikiuza kwa 240,000, faida yake ni sifuri, na zile dola 150,000 zilizopanda tangu mama yake akiwa hai hazitalipiwa kodi ya mapato na mtu yeyote, siku yoyote.